Mkate wa walowezi, ardhi ya wenyeji: nani asimulie historia ya mashamba ya prairi?

Kuanzia Mei hadi Septemba, katika mbuga kubwa za nyasi za katikati ya Amerika Kaskazini, familia nyingi hupakia watoto kwenye gari na kwenda kutazama jinsi watu wa zamani walivyolima na walivyokula. Wanaingia kwenye nyumba za udongo, wanasaga ngano, wanaonja mkate uliookwa kwenye tanuri la kuni, wanapiga picha na farasi wa kukokota plau, kisha wanarudi nyumbani. Ni matembezi ya kawaida ya likizo, kama sisi tunavyokwenda makumbusho ya kijiji pale Dar es Salaam au Bomas of Kenya kule Nairobi.

Lakini tangu mwaka 2025 matembezi hayo yameingia kwenye mjadala wa siasa. Nchini Marekani, serikali imeagiza maelezo yanayotolewa kwenye maeneo ya kihistoria yakaguliwe upya. Nchini Kanada, serikali inalipa fidia kubwa kwa jamii za wenyeji asilia kwa sababu ya ahadi za kilimo ambazo hazikutimizwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mambo haya mawili yanakutana mahali pamoja: pale kwenye shamba la mlowezi, mgeni anapouliza, “Ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya huyu?”

Katika makala hii tunaeleza maeneo hayo ni yapi, yanasimulia nini kuhusu chakula na kilimo, yanaacha nini, na kwa nini suala hili linatugusa hata sisi huku, hasa wakazi wa mkoa wa Manyara nchini Tanzania.

Prairi ni wapi?

Prairi ni jina la mbuga za nyasi zinazoanzia majimbo ya kusini ya kati ya Marekani, zikapita Kansas, Nebraska, Dakota Kusini na Dakota Kaskazini, zikavuka mpaka na kuingia majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta nchini Kanada. Anayeijua Serengeti anaweza kupata picha: ardhi tambarare, nyasi hadi upeo wa macho, miti michache. Tofauti ni baridi. Huko wakati wa majira ya baridi hali ya hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi.

Leo eneo hilo ni moja ya maghala makubwa ya ngano duniani. Miaka 200 iliyopita lilikuwa makazi ya mataifa mengi ya wenyeji asilia, na lilikuwa malisho ya makundi ya nyati wa Amerika, wanyama ambao wataalamu wanakadiria walikuwa mamilioni kwa makumi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 nyati waliosalia porini walihesabika kwa mamia. Mabadiliko hayo, kutoka nyati hadi ngano, yalitokea ndani ya umri wa mtu mmoja. Hayo ndiyo maeneo ya kumbukumbu yanayojaribu kuyaeleza.

Ardhi ya bure, kwa masharti

Mahali pazuri pa kuanzia ni Beatrice, jimboni Nebraska. Hapo pana Homestead National Historical Park, hifadhi ya taifa inayosimulia sheria moja. Mnamo tarehe 20 Mei 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyomruhusu mtu mwenye miaka 21 au zaidi, au mkuu wa familia, kupewa ekari 160 za ardhi ya serikali. Hizo ni karibu hekta 65, yaani eneo la viwanja vya mpira wa miguu kama 90. Ada zote kwa jumla zilikuwa dola 18. Masharti yalikuwa kujenga nyumba, kuishi hapo miaka mitano na kulima.

Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, na mmoja wa watu wa kwanza kuandikisha dai lake siku hiyo alikuwa Daniel Freeman. Shamba lake ndilo hifadhi ya leo. Mgeni anaona kibanda cha magogo cha mwaka 1867, shule ya matofali ya watoto wa walowezi, na ekari 100 hivi za nyasi za asili zilizooteshwa tena kuanzia mwaka 1939. Mbele ya jengo kuu upo ukuta wa bamba za chuma zilizokatwa kwa umbo la majimbo 30. Kila bamba lina tundu linaloonyesha ni sehemu gani ya jimbo iligawiwa kwa sheria hiyo. Kwa baadhi ya majimbo tundu ni dogo. Kwa Nebraska limemeza karibu nusu ya bamba.

Kwa jumla, sheria hiyo iligawa karibu ekari milioni 270, sawa na asilimia 10 ya ardhi yote ya Marekani, kwa watu wapatao milioni 1.6. Haikufungia nje wanawake wasioolewa, wahamiaji waliokuwa wameomba uraia, wala watu Weusi waliotoka utumwani. Kwa wakati wake lilikuwa jambo kubwa.

Kanada ilifuata mwaka 1872 na sheria yake: ekari 160 kwa dola 10 na makazi ya miaka mitatu. Lakini Kanada ilikuwa na ubaguzi ulioandikwa waziwazi zaidi. Mwanamke hakupewa ardhi isipokuwa awe mkuu wa familia, na hao wengi walikuwa wajane. Na sheria ya mwaka 1876 kuhusu wenyeji asilia ikawakataza watu hao kuchukua mashamba hayo kabisa. Yaani mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari aliweza kupewa ekari 160, lakini mtu aliyezaliwa hapo hapo, na baba yake na babu yake, hakuweza.

Walikula nini?

Sehemu inayowavutia wageni wengi ni jikoni, na kwa kweli jikoni ndiko historia hii inakoeleweka haraka.

Mlowezi alipofika hakukuta mti wa kujengea. Alikata ardhi yenyewe, tabaka la juu lenye mizizi minene ya nyasi, akalipanga kama matofali na kuezeka kwa udongo huo huo. Mtu wa Dodoma au Singida akiiona nyumba hiyo ataita tembe. Mvua ikinyesha paa linavuja tope kwenye sufuria. Kuni hazikuwepo, hivyo walipikia mavi makavu ya nyati na ya ng'ombe, na hata mafundo ya nyasi zilizosokotwa.

Chakula chenyewe kilikuwa cha kujirudia: unga wa mahindi au wa ngano, maharage, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, na matunda ya porini msimu wake ukifika. Kahawa halisi ilikuwa ghali, hivyo wengi walikaanga shayiri au ngano na kuichemsha badala yake. Mwaka 1874 nzige walivamia Kansas, Nebraska na majimbo jirani wakala mazao, bustani, hadi nguo zilizoanikwa. Wengi waliondoka wakiwa hawana kitu. Nzige wa aina ile walitoweka kabisa; wa mwisho kuonekana wakiwa hai walikuwa mwaka 1902.

Kilichobadilisha hali ni mbegu. Mwaka huo huo wa 1874, Wamenoniti, Wakristo wakulima waliohama kutoka himaya ya Urusi, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, walifika Kansas na Manitoba. Wale wa Kansas wanakumbukwa kwa kuleta aina ya ngano ngumu iitwayo Turkey Red, inayopandwa kabla ya baridi na kuvunwa mwanzoni mwa kiangazi. Kule Steinbach, Manitoba, kijiji cha makumbusho cha Wamenoniti kina kinu cha upepo, na wageni hula chakula cha jadi yao papo hapo. Baadaye, mtaalamu wa Kanada Charles Saunders alichagua aina iitwayo Marquis, iliyokomaa wiki moja hivi mapema kuliko aina ya zamani. Kwetu wiki moja inaweza kuonekana kitu kidogo. Kule, wiki moja ndiyo tofauti kati ya kuvuna na kukuta shamba limeuawa na umande wa barafu.

Ukienda mashariki ya Edmonton, Alberta, mwendo wa kilomita kama 50, utafika kwenye kijiji cha urithi cha Waukraine, Ukrainian Cultural Heritage Village. Hapo waongozaji huvaa na kuzungumza kama watu wa zamani, wa kati ya mwaka 1892 na 1930. Ukimwuliza mama anayechochea tanuri la udongo kuhusu simu ya mkononi, atakushangaa. Amekwama mwaka wake, na hatoki humo. Watoto wanafurahia sana. Ni ufundi mzuri wa kufundisha, lakini una kasoro moja: mtu aliyekwama mwaka 1905 hawezi kukueleza mambo ambayo mlowezi wa mwaka 1905 hakuyajua, au hakutaka kuyajua.

Wakulima kabla ya “wakulima wa kwanza”

Kasoro hiyo inaonekana zaidi ukisoma maneno “wakulima wa kwanza wa prairi” kwenye vitabu na vibao. Hawakuwa wa kwanza.

Karibu na mji wa Stanton, Dakota Kaskazini, kuna eneo la kihistoria liitwalo Knife River Indian Villages. Kwa mamia ya miaka watu wa Hidatsa, pamoja na majirani zao Wamandan na Waarikara, walikaa kando ya mto Missouri wakilima mahindi, maharage, maboga na alizeti. Mashamba yalikuwa mali ya wanawake. Majembe yao yalikuwa mifupa ya bega ya nyati iliyofungwa kwenye mpini. Mavuno waliyakausha na kuyafukia kwenye mashimo marefu yenye umbo la chupa, yaliyotandikwa nyasi, yakakaa salama hadi majira ya baridi yaishe. Ziada waliiuza kwa wafugaji na wawindaji wa mbugani, na baadaye kwa wafanyabiashara Wazungu. Ndugu zetu wa Mbulu au Kakamega wanaochanganya mahindi, maharage na maboga kwenye shamba moja wanafanya kilimo ambacho mama wa Kihidatsa angekitambua mara moja. Mazao hayo matatu yenyewe yalitufikia kutoka Amerika.

Tunajua haya kwa undani kwa sababu ya mwanamke mmoja, Buffalo Bird Woman, aliyezaliwa katika vijiji hivyo karibu mwaka 1839. Akiwa mzee alimweleza mtafiti Gilbert Wilson kila hatua ya kilimo chao, kuanzia kuchagua mbegu hadi kuwafukuza kunguru, na maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1917.

Na mwisho wa mashamba hayo haukuwa wa kale. Baada ya ndui ya mwaka 1837 kuwaua wengi sana, waliobaki walihamia pamoja juu zaidi ya mto, wakaendelea kulima bondeni. Kisha, kati ya mwaka 1947 na 1953, serikali ya Marekani ilijenga bwawa la Garrison. Maji yalifunika zaidi ya ekari 150,000 za eneo lao, ndiyo ardhi yao bora ya kilimo, na familia nyingi zikahamishwa. Wapo watu walio hai leo waliozaliwa kwenye nyumba zilizo chini ya maji hayo.

Waliozuiwa kulima

Kanada ina habari inayouma zaidi, na ndiyo inayoleta mabilioni ya dola za fidia leo.

Katika miaka ya 1870 serikali ilitia saini mikataba na mataifa ya wenyeji wa prairi. Nyati walikuwa wanaisha, na viongozi wa wenyeji waliona mbali. Walidai msaada wa kuanza kilimo. Mikataba iliahidi majembe, plau, maksai, ng'ombe na mbegu. Ahadi hizo zilitimizwa kwa kuchelewa, kwa upungufu, au hazikutimizwa kabisa. Wakati wa njaa ya mwishoni mwa miaka hiyo, chakula cha msaada kilitumiwa pia kama fimbo: wasiokubali kuhamia maeneo waliyotengewa walinyimwa.

Pamoja na hayo, baadhi walifanikiwa. Walichanga fedha wakanunua mashine, wakavuna ngano nzuri, na walowezi jirani wakaanza kulalamika kwamba wanashindana nao sokoni. Kati ya mwaka 1889 na 1897, chini ya kamishna Hayter Reed, serikali iliwaamuru wakulima wenyeji warudi kwenye vifaa vya mkono na vishamba vidogo. Wavune kwa mundu, wasage kwa mkono. Aidha, hawakuruhusiwa kuuza mazao au ng'ombe bila kibali cha ofisa wa serikali. Mtu alikuwa na gunia la ngano yake mwenyewe, lakini hawezi kulipeleka sokoni mpaka asainiwe karatasi. Vifungu vya kibali hicho, ingawa havikuwa vikitumika tena, vilifutwa rasmi kwenye sheria mwaka 2014.

Sasa tembelea Motherwell Homestead, karibu na Abernethy, Saskatchewan. Ni eneo la kihistoria la taifa la Kanada. William Richard Motherwell alifika hapo mwaka 1882, akajenga nyumba nzuri ya mawe aliyoyakusanya kwa miaka, akapanda miti ya kuzuia upepo, akawa mstari wa mbele kutetea wakulima dhidi ya kampuni za reli na za maghala, kisha akawa waziri wa kilimo wa jimbo na baadaye wa nchi. Alikuwa mtu mwenye juhudi na bustani yake inavutia hadi leo. Mwendo mfupi kutoka hapo lipo eneo la Wakrii wa Peepeekisis, ambako serikali iliendesha mradi wa “shamba la mfano” kuanzia mwaka 1898, ikaleta vijana waliohitimu shule za bweni na kuwagawia ardhi ya watu wengine bila ridhaa ya kweli. Mwaka 2021 serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa Wapeepeekisis dola milioni 150 za Kanada.

Na madai ya ahadi za kilimo, yanayojulikana huko kama madai ya “ng'ombe na plau”, yameendelea kumalizwa moja baada ya jingine. Mwaka 2024 peke yake, makubaliano na jamii tisa yalizidi dola bilioni moja za Kanada. Kwa hiyo, mtu akisema haya ni mambo ya kale, ajue kuwa hundi zinaandikwa sasa.

Walowezi Weusi wa Nicodemus

Ni rahisi kugawa historia hii pande mbili, Wazungu na wenyeji. Nicodemus, Kansas, inatukataza.

Mwaka 1877 watu Weusi kutoka Kentucky, waliokuwa watumwa miaka michache tu nyuma, walifika hapo baada ya kuvutiwa na matangazo ya mji mpya. Walikuta nyika tupu. Walichimba mashimo kwenye vilima wakaishi humo majira yote ya baridi. Hawakuwa na akiba ya kutosha, na kumbukumbu za mji zinasema wawindaji wa Kiosage waliopita njia hiyo waliwagawia nyama. Mji ulikua, ukapata shule, makanisa, hoteli na magazeti. Mwaka 1888 reli ikapita kando, wafanyabiashara wakaifuata, na mji ukaanza kufifia.

Leo Nicodemus ni eneo la kihistoria la taifa, na kila mwishoni mwa Julai vizazi vya waanzilishi hurudi kula na kusherehekea pamoja. Hapo utakuta jambo gumu: kwa watu hawa ekari 160 zilikuwa uhuru wenyewe. Ardhi hiyo hiyo kwa wenyeji ilikuwa upotevu. Kauli zote mbili ni za kweli, na eneo la kumbukumbu linalojua kazi yake linaweza kuzisema zote bila kigugumizi.

Agizo la 2025 na hoja za pande mbili

Tarehe 27 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini agizo kuhusu historia ya Marekani. Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kule inasimamia ardhi ya umma na hifadhi na si polisi, ikapewa kazi ya kuhakikisha kuwa maeneo yake hayatoi maelezo yanayowashusha hadhi isivyostahili Wamarekani wa zamani au wa sasa, bali yasisitize mafanikio yao na uzuri wa nchi. Kufikia katikati ya Juni mwaka huo vibao viliwekwa kwenye hifadhi, vikiwa na alama ya kuskani kwa simu, vikiwaomba wageni waripoti maelezo wanayoona ni mabaya kwa namna hiyo. Homestead, Knife River na Nicodemus zote ziko chini ya wizara hiyo.

Wanaounga mkono wana hoja, na tusiidharau. Wanasema mtu anayempeleka mtoto wake kuona kibanda cha babu hataki aambiwe kwamba babu alikuwa mwizi. Babu huyo mara nyingi alikuwa maskini aliyekimbia njaa au mateso, hakuandika sheria yoyote, na alizika watoto kwenye ardhi hiyo. Wanasema pia kuwa watalaamu wa historia nao wana siasa zao.

Wanaopinga wanajibu kwamba kueleza aliyekuwepo kabla si kumtukana aliyekuja baada. Wanasema mwongozaji akianza kuhofia kuripotiwa, atachagua kunyamaza, na hakuna amri ya kunyamaza inayohitajika tena. Hasara ya kwanza huwa ni sentensi moja fupi kwenye kibao.

Kanada imekwenda upande mwingine. Tume yake ya Ukweli na Maridhiano mwaka 2015 ilitaka wenyeji washirikishwe katika kuamua historia gani ikumbukwe na kwa maneno gani. Mwaka 2019 idara ya hifadhi, Parks Canada, ilitoa mwongozo mpya unaotambua kuwa eneo moja linaweza kuwa na historia nyingi zinazopingana. Mwaka 2025 serikali ilifungua maeneo yake ya kihistoria bure kwa majira ya joto ili wananchi waijue nchi yao. Lakini Kanada nayo haijamaliza. Bado kuna maeneo ambako unaondoka umeonja mkate na hujasikia neno kibali.

Mfano mzuri zaidi labda ni Wanuskewin, karibu na Saskatoon, eneo linaloongozwa kwa ushirikiano na wenyeji wenyewe. Desemba 2019 walirudisha nyati kwenye bonde hilo baada ya zaidi ya karne moja. Mgeni anawatazama malishoni, kisha anaeleweshwa jinsi nyama yao ilivyokaushwa, ikapondwa, ikachanganywa na mafuta na matunda kuwa pemikani, chakula kilichokaa miezi mingi bila kuharibika na kilicholisha biashara nzima ya ngozi. Mlowezi anatajwa, lakini anafika mwishoni mwa simulizi, kama alivyofika kweli.

Kutoka Saskatchewan hadi Hanang

Msomaji anaweza kusema: hayo ni yao. Tungekubali, kama ngano ya prairi isingefika kwetu na plau zake.

Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kanada ilifadhili mradi mkubwa wa ngano katika wilaya ya Hanang, ambayo leo iko mkoa wa Manyara. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, liliendesha mashamba saba, yakiwemo Basotu, Setchet na Mulbadaw, kwenye karibu ekari laki moja. Matrekta makubwa, mashine za kuvunia, utaalamu na mafunzo vilitoka kwenye kilimo cha prairi za Kanada. Kwa upande wa mavuno, mashamba hayo yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini wakati ule, na lengo la nchi kujilisha mkate wake lilikuwa lengo la halali.

Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga, waliokuwa wakihamisha ng'ombe kwa msimu na kurudi tambarare ile nyasi zikiwa nzuri. Mpangaji aliyefika wakati ng'ombe wamehamia kwingine aliona nyika isiyo na mwenyewe. Njia za mifugo na za maji zilifungwa, na makaburi ya wazee yaliyoheshimiwa kwa vizazi yakapitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya ushindi huo mwaka 1985.

Hatusemi Hanang na Saskatchewan ni kitu kimoja. Huku hakukuwa na walowezi wa kigeni waliobaki na mashamba, na serikali iliyoamua ilikuwa yetu wenyewe. Kinachofanana ni hesabu: ardhi isiyolimwa ilihesabiwa kuwa haitumiki, na anayehama na mifugo akahesabiwa kuwa hayupo. Hesabu hiyo ilifanywa prairi karne moja kabla, na bado inafanywa mahali pengi Afrika Mashariki kila mradi mkubwa unapotafuta eneo.

Kuna tofauti moja zaidi ambayo inatuhusu moja kwa moja. Kule prairi, hata kwa ugomvi, kuna mahali pa kwenda na mtoto kuuliza. Tambarare ya Basotu haijapata makumbusho ya ngano ile wala ya malisho yale. Wazee waliokumbuka njia za ng'ombe wanaondoka, na vijana waliofanya kazi kwenye mashine za Kanada sasa ni wazee nao.

Mgeni aulize nini

Baadhi ya wasomaji wetu wanaishi Marekani na Kanada, na watoto wao hupelekwa na shule kwenye maeneo haya. Ushauri wetu ni kwenda, na kwenda na maswali. Muulize mwongozaji nani alikuwa akila nini hapa kabla ya nyumba hii kujengwa. Muulize nani aliruhusiwa kuuza mazao yake na nani alihitaji kibali. Muulize pia nani aliandika maneno ya kibao, na mwaka gani.

Maswali hayo hayamvunjii heshima mama aliyepika mkate kwa mavi ya nyati huku paa likimvujia tope. Alistahili kukumbukwa, na mkate wake ulikuwa wa jasho. Lakini jirani yake aliyekuwa na gunia la ngano na hana karatasi ya kuliuza alistahili pia, na hadi sasa ni mmoja tu kati yao ambaye jiko lake limetunzwa kwa fedha za umma kwenye maeneo mengi. Vibao vitakavyobaki au kuondolewa katika misimu hii michache ndivyo vitakavyowaambia wajukuu wao kama mwingine naye aliwahi kulima.

Na kwa walioko Manyara: kama una mzazi au babu aliyechunga tambarare zile, au aliyeendesha trekta pale Setchet, mkalishe umwulize, kisha uandike anachosema. Msimu wa kilimo ukiisha, muda wa mazungumzo haya huwa upo.